Aseme huyu, asikilize yule: kuendesha mjadala darasani Tabora

Mwalimu akimaliza kueleza akauliza "Mmeelewa?", darasa zima huitikia "Ndiyo Mwalimuuu!" kwa sauti moja, na anayepita dirishani anaweza kuamini kwamba wanafunzi wameshiriki. Hawajashiriki. Itikio la pamoja humficha asiyeelewa nyuma ya sauti ya aliyeelewa. Sisi tunaofundisha sekondari huku, kuanzia Tabora mjini hadi Urambo, Sikonge na Uyui, tumelizoea mno itikio hilo, hata tukiuliza "Kwa nini?" tukapata kimya tunawalaumu watoto kwamba hawasomi. Wengi wao wana la kusema. Wanachoogopa ni kitakachowapata wakilisema: kuchekwa kwa Kiingereza kibovu, kuitwa mjuaji, kuambiwa "kaa chini". Kazi ya mwalimu anayetaka mjadala ni kupunguza hofu hiyo hatua kwa hatua, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kumfundisha anayesikiliza, si anayesema.

Tuanze na hesabu, maana walimu wengi hukata tamaa hapohapo. "Nina watoto 72, mjadala gani?" Kipindi kimoja ni dakika 40, vipindi viwili mfululizo ni dakika 80. Ukimpa kila mtoto dakika moja tu ya kusimama mbele ya wenzake, dakika 72 zimekwisha na hakuna hata mmoja aliyejibiwa. Kwa hiyo mjadala wa darasa zima hauwezi kuwa mwanzo. Mwanzo ni daftari. Andika swali ubaoni, kisha wape dakika tatu waandike sentensi mbili kila mtu, kimya. Baada ya hapo waliokaa dawati moja wasomeane: dakika mbili huyu, dakika mbili yule. Ndani ya dakika nne watoto wote 72 wamesema kwa sauti jambo walilolifikiri wenyewe, na kila mmoja amesikilizwa na mtu mmoja aliyemwelekezea uso. Halafu madawati ya mstari wa kwanza wageuke nyuma wakutane na wa mstari wa pili, wa tatu na wa nne vilevile. Hapo una makundi 18 ya watu wanne bila kuburuza dawati hata moja. Kuburuza madawati kwenye sakafu ya saruji hula dakika kumi na kuwaudhi wa darasa la jirani. Makundi yapewe dakika kumi. Ndipo unafungua mjadala wa darasa zima, nao dakika 25 hadi 30 zinautosha.

Hatua ambayo walimu huiruka kwa haraka ni ile ya kuandika. Wanaona ni kupoteza muda. Ukiiruka, utakaowasikia ni walewale sita wanaosikika kila siku, kwa sababu ndio pekee wanaoweza kufikiri na kusema kwa pamoja mbele za watu. Mtoto aliyeandika hata sentensi moja ana pa kushika ulimi ukimkauka: anainamisha macho kwenye daftari anasoma. Na kusoma kutoka kwenye daftari kuruhusiwe. Kuna walimu wanaolazimisha "funga daftari, sema kwa kichwa", wakidhani wanajenga ujasiri. Ujasiri huo huja baadaye wenyewe, kwa anayekwishaona kwamba aliposoma jana hakuchekwa.

Jingine ni muda wa kusubiri baada ya swali. Mtafiti wa Kimarekani Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi kwenye miaka ya 1970, aliona kwamba walimu husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kujijibu, kumtaja mwingine au kubadilisha swali. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na watoto waliokuwa wakinyamaza wakaanza kujitokeza. Sekunde tatu zinasikika fupi ukizisoma hapa. Mbele ya darasa ni ndefu sana, mwalimu huhisi kama amekwama. Njia rahisi ya kuvumilia ni kuhesabu moyoni hadi tano huku ukitembea taratibu kuelekea nyuma ya darasa. Na kwa mtoto anayelitafsiri swali kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, wakati mwingine kupitia Kinyamwezi au Kiha cha nyumbani, hata tano ni chache, mpe kumi.

Tukitaja kutembea: angalia unaposimama. Mtoto mwenye sauti ndogo akianza kusema, sisi humsogelea ili tumsikie. Matokeo yake anasema na mwalimu peke yake, sauti inazidi kushuka, na wa nyuma wanaanza soga zao. Fanya kinyume. Akianza yeye aliye karibu na mlango, wewe nenda kona ya mbali kabisa, mtazame, tikisa kichwa kuonyesha unamfuata. Atapaza sauti ikufikie, na njiani itawapitia wenzake wote.

Sasa maneno yetu wenyewe, maana heshima ya darasa huigwa kwa mwalimu. "Nani amsaidie?" tunalisema kwa nia njema, lakini mtoto aliyesimama husikia kwamba amezama na anatafutiwa mwokozi. Tukisema "Nani aendelee pale mwenzetu alipofikia?", jibu la yule wa kwanza linabaki kuwa mchango, hata kama lilikuwa nusu. Na "Mpigieni makofi!" nayo tuitazame vizuri. Darasani huku makofi ni desturi, mara "makofi matatu", mara "ya kilo". Anayepigiwa hufurahi. Lakini anayefuata akitoa hoja dhaifu, makofi yasipolia, ule ukimya nao ni hukumu mbele ya watu 72. Baada ya mara mbili tatu hakuna anayenyoosha mkono asipokuwa na uhakika, na mjadala wa watu wenye uhakika tu si mjadala. Tunashauri makofi yawekwe mwisho wa kipindi, yapigwe mara moja kwa wote. Katikati ya mjadala, heshima bora kuliko makofi ni kuiandika hoja ya mtoto ubaoni kama alivyoisema na jina lake pembeni. Hoja iliyoandikwa hurejewa: "Nataka kujibu ile ya Amina iliyo juu pale."

Fimbo pia isikae mezani. Hata kama huitumii kipindi hicho, macho ya watoto yanaiona, na hakuna anayethubutu kumwambia mwalimu mwenye fimbo "mimi naona tofauti".

Kutokukubaliana ndiko kunakohitaji kufundishwa kuliko vyote. Mtoto wa huku amelelewa kumwamkia mkubwa kwa goti au kwa kuinama, kupokea kitu kwa mikono miwili, na kutoingilia maongezi ya wazee. Malezi hayo hayana kosa na mjadala haupaswi kuyavunja. Tatizo ni kwamba nyumbani hakufundishwa namna ya kupinga kwa adabu, kwa kuwa hakutarajiwa kupinga. Akiambiwa ghafla "jadilianeni", anajua njia mbili tu: kunyamaza au kugombana. Mpe ya tatu, na umpe kwa maneno halisi ya kutumia. Sisi hubandika ukutani sentensi nne, zikiwa zimeandikwa upande wa nyuma wa kalenda ya zamani kama karatasi za manila hakuna:

"Mwenzangu amesema hivi... Je, nimekuelewa sawa?"

"Naikubali sehemu hii, ila hapa naona tofauti kwa sababu..."

"Naomba nimwongezee mwenzangu."

"Naomba ufafanuzi: ushahidi wako ni upi?"

Ya kwanza ndiyo nguzo. Kabla ya kupinga hoja ni lazima uirudie kwa maneno yako, na mwenye hoja akubali kwamba umemwelewa. Asipokubali, unairudia tena. Kanuni hii hula sekunde kumi na tano hivi kila mara na huwakera wanaopenda kujibu harakaharaka. Waache wakereke. Sekunde hizo ndizo zinazopoza hasira, na ndizo zinazomlazimisha msikilizaji kusikiliza kweli badala ya kutunga jibu lake mwenzake akiwa bado anasema.

Sentensi hizo hazikai kichwani kwa kubandikwa ukutani tu. Kwa wiki mbili za kwanza zifanyiwe mazoezi ya dakika tano kwa mada isiyomuumiza mtu: uji wa asubuhi shuleni uwe wa mahindi au wa mtama, mapumziko ya saa nne yawe marefu au mafupi. Mada nyepesi humwacha mtoto ashughulike na namna ya kusema. Ukianza moja kwa moja na mada nzito, atashughulika na mada, na adabu ataisahau.

Baada ya hapo lete mada yenye uzito, na hapa swali lenyewe ndilo linaloamua. Chukua Mirambo, mtemi wa Kinyamwezi wa karne ya 19. Watoto wa Tabora wanalijua jina lake, na Wilaya ya Urambo inalibeba. "Taja sifa tano za Mirambo" si swali la mjadala, ni la kukariri. Jibu liko kwenye kitabu na aliyekipata ndiye atakayesema. "Je, Mirambo alikuwa mtu mzuri?" nalo ni baya kwa upande mwingine, kwa kuwa kila mtu anaweza kupayuka bila kujua lolote. Swali linalofaa ni lile lenye pande mbili zinazoweza kusimama kwa ushahidi uleule: "Vita vya mwaka 1871, vilivyoiziba njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji, viliwasaidia au viliwaumiza Wanyamwezi?"

Kabla ya mjadala, ushahidi uwe ubaoni, mambo sita hivi, yaleyale kwa kila mtu. Mirambo alikuwa mtemi wa Uyowa, akapanua utawala wake kwa vita. Jeshi lake lilikuwa la wapiganaji walioitwa rugaruga, wengi wao vijana. Mwaka 1871 aliingia vitani na wafanyabiashara wa Kiarabu wa Unyanyembe, yaani eneo la Tabora. Misafara ilibeba pembe za ndovu, na wapagazi wake wengi walikuwa Wanyamwezi. Wafanyabiashara waliopita walitozwa hongo, yaani ushuru wa njia. Mirambo alifariki mwaka 1884 na dola lake halikudumu baada yake. Dakika kumi za kusoma na kuuliza maana zinatosha. Bila hatua hii, mjadala hugeuka kuwa wa mwenye sauti kubwa, maana hakuna kingine cha kupimia.

Hivi ndivyo unavyokwenda ukiwa umeandaliwa. Mvulana mmoja anasimama: "Mirambo alikuwa shujaa, aliwapiga Waarabu." Msichana wa mstari wa nne anajibu hapohapo: "Hapana, alikuwa muuaji." Wametupiana majina, hoja bado hazijaletwa. Mwalimu hahutubii kuhusu heshima. Ananyoosha kidole ukutani kwenye sentensi ya kwanza. Msichana anaanza upya: "Mwenzangu anasema aliwazuia wageni wasiimiliki njia ya biashara. Nimekuelewa sawa?" Mvulana anafikiri kidogo: "Ndiyo. Na alitaka ushuru wa njia uwe wake." Tazama, ameiongeza hoja yake mwenyewe kwa sababu tu ameisikia kinywani mwa mwingine. Msichana anaendelea: "Hilo nalikubali. Ila njia ikizibwa, mpagazi anakosa ujira. Na wapagazi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, imeandikwa pale." Mvulana anautazama ubao. "Hilo la wapagazi sikulifikiria. Lakini labda walijiunga na rugaruga." Hapo wa tatu ananyoosha mkono: "Naomba ufafanuzi, ushahidi wako ni upi?" Na mvulana anakubali kwamba hana, ni dhana yake. Haaibiki, kwa kuwa sentensi ile ni ya ukutani, wote wanaitumia, naye ataitumia kwa wengine.

Mada ya misafara haifiki mbali bila kugusa utumwa, na hapa mwalimu asiingie bila kujiandaa. Katika darasa moja la Tabora mjini wanakaa pamoja Wanyamwezi, Wasukuma, Waha, Wamanyema na wenye asili ya Kiarabu. Mtoto mmoja akitamka "nyie ndio mliotuuza", aliyelengwa atafunga mdomo kwa muhula mzima, na wengine watajifunza kwamba mjadala ni mahali pa kuumizana. Weka kanuni mapema, kabla ya mada: tunazungumzia waliotenda, si wajukuu wao, kwa hiyo neno "nyie" na neno "sisi" hayatumiki tukizungumzia karne ya 19. Likimtoka mtu, simamisha papo hapo kwa sauti ya kawaida, na mwambie aliseme upya kwa "wao", akitaja walikuwa nani na walifaidika na nini. Akifanya hivyo kwa uaminifu atakuta mwenyewe kwamba katika biashara ile walihusika wafanyabiashara wa pwani, watemi na hata watu wa kawaida waliouza mateka. Somo linakuwa la kweli zaidi na hakuna aliyebebeshwa mzigo wa babu yake.

Utani nao. Tunaupenda, na sokoni au msibani una kazi yake kubwa. Katikati ya hoja ya mtu, utani wa kabila ni kisu. Mtoto mgeni anayechanganya r na l, au aliyehamia kutoka Kasulu na lafudhi ya Kiha, akitaniwa anaposema, atacheka pamoja nao na hatasema tena. Tunawaambia wazi: utani subiri kengele ilie.

Kicheko ni jambo la kushughulikia kila kinapotokea, tangu siku ya kwanza, bila kukosa hata mara moja. Hatua ni tatu na zote hazizidi nusu dakika. Kwanza mrudie aliyekuwa akisema: "Endelea, tunakusikiliza." Usimgeukie aliyecheka kwanza, maana ukifanya hivyo unamhamishia jukwaa. Pili, mwenye hoja akimaliza, mwombe aliyecheka airudie hoja hiyo. Mara nyingi hataweza, na hapo atamwomba mwenzake airudie, ambayo ni aina ya kuomba radhi isiyomdhalilisha mtu. Tatu, endelea na somo. Hotuba ya dakika tano juu ya maadili humfanya aliyechekwa atazamwe zaidi, na anaumia mara ya pili.

Sehemu kubwa ya kicheko chimbuko lake ni Kiingereza. Mtoto amemaliza shule ya msingi kwa Kiswahili, halafu anaingia Kidato cha Kwanza ambako masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Ukimtaka ajadili papo hapo kwa lugha ambayo bado anaiokota, unampima lugha, hupimi fikra. Kwenye jozi na kwenye makundi ya wanne, waache wafikiri kwa Kiswahili. Wakati huo andika ubaoni maneno matano au sita ya Kiingereza ambayo mada inayahitaji, pamoja na mwanzo wa sentensi mbili. Kisha kila kundi liandae kwa pamoja sentensi tatu za Kiingereza ambazo msemaji wao atazisoma. Makosa ya sarufi usiyasahihishe mtu akiwa anasema. Yaandike pembeni kwenye karatasi yako, na dakika tatu za mwisho yaweke ubaoni matatu tu, bila majina, darasa lote liyasahihishe. Katika Kiswahili na Historia ya Tanzania na Maadili, ambayo hufundishwa kwa Kiswahili, kikwazo hiki hakipo, kwa hiyo mwalimu wa masomo hayo ndiye mwenye nafasi nzuri ya kuanzisha utaratibu huu shuleni na wenzake wakaudandia.

Kuna wasiosema na kuna wasionyamaza. Hawa wa pili hawana nia mbaya, wamezoea tu kwamba wao ndio darasa. Dawa yao ni visoda. Okota visoda vya chupa za soda dukani, kama 150, vioshe, weka kwenye kopo. Katika kundi la wanne kila mmoja anapewa viwili. Ukisema, unaweka kimoja katikati. Vikiisha, kazi yako ni kusikiliza na kuuliza maswali tu. Kundi halifungi mjadala mpaka visoda vyote vinane viwe katikati. Hitilafu zake tunazijua: mwenye maneno mengi huvimaliza ndani ya dakika moja na nusu kisha ananuna, mwoga hukalia vyake mpaka mwisho, halafu anavitupa kwa "nami naungana na mwenzangu". Kwa wa kwanza, sharti ni kwamba kisoda cha pili hakitumiki mpaka wote wametoa cha kwanza. Kwa wa pili, "naungana na mwenzangu" haihesabiki bila "kwa sababu" yake mwenyewe. Visoda vitumike wiki tatu au nne, kisha viondolewe. Mazoea yakishakaa, vinabaki kuwa mchezo unaowachosha.

Vyeo vya kundi vizunguke. Ukiwaachia wachague, mwenyekiti na msemaji watakuwa wavulana na katibu atakuwa msichana, eti ana mwandiko mzuri, kila wiki. Katibu anayeandika mawazo ya wengine kwa dakika kumi hana nafasi ya kusema lake. Panga mwenyewe: mwenyekiti, katibu, mtunza muda, msemaji; kila kipindi cha mjadala kila mmoja anasogea nafasi moja. Na kwenye mjadala wa darasa zima, ukiona mikono ya wavulana imejaa hewani, usimchukue wa kwanza kunyoosha. Sema, "Nasubiri mikono kutoka makundi ambayo hatujayasikia." Kisha subiri zile sekunde zako.

Wengine hutumia kopo la majina, vikaratasi 72 vilivyokunjwa, unachomoa kimoja. Linafaa, mradi lije baada ya jozi na makundi, asishtukizwe mtu ambaye hajapata kuandaa neno. Na awe na haki ya kusema "naomba nirudiwe", mara moja kwa kipindi, naye arudiwe kweli. Ukisahau kumrudia, wengi watajua hiyo ndiyo njia ya kutokea.

Siku moja mtoto atampinga mwalimu. Darasa zima litageuka kukutazama, na jibu lako la wakati huo litafundisha kuliko kanuni zote za ukutani. Akisema "Samahani Mwalimu, kitabu changu kinasema tofauti," mwambie akisome kwa sauti, mwandike ubaoni kama unavyowaandika wengine, kisha irudie hoja yake na umuulize kama umemwelewa. Kama yuko sahihi, sema yuko sahihi. Kama hayuko, mwonyeshe kwa ushahidi, si kwa cheo. Wazazi nao waelezwe kwenye kikao cha mwanzo wa muhula, maana wapo wanaohofu kwamba shule inamfanya mtoto awe mbishi nyumbani. Wakionyeshwa zile sentensi nne hutulia, kwani mtoto anayeomba ruhusa, anayerudia neno la mkubwa wake kabla ya kujibu, ana adabu ambayo hata kikao cha ukoo kingeitaka.

Mvua ni jambo la kupanga pia. Kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua ikipiga bati lisilo na silingi bodi, hakuna anayesikika hata kwa dawati la pili. Walimu wengi hapo huandikisha notsi. Kuna mjadala wa kimya unaofaa zaidi: kila kundi la wanne lina karatasi moja kubwa, swali juu. Wa kwanza anaandika hoja kwa dakika tatu na jina lake, anampa wa pili, ambaye lazima aanze kwa kuirudia hoja hiyo katika mstari mmoja kabla ya kuijibu, vivyo hivyo hadi karatasi izunguke mara mbili. Ni dakika 24. Mara nyingi wanaoandika kwa kina ni walewale wasiosikika siku za jua, na karatasi hizo zikusanywe, kwa sababu zinakuonyesha nani ana hoja na anakosa tu pa kuisemea. Siku ya jua unaweza kumwambia, "Ile hoja yako ya kwenye karatasi, wasomee wenzako."

Alama zitolewe, la sivyo wanafunzi wataona ni kupitisha muda. Kwa kumi: nne kwa hoja yenye ushahidi, tatu kwa kumjibu mwenzake kwa kurejea alichosema, tatu kwa kusikiliza, yaani kurudia hoja ya mwingine kwa usahihi. Idadi ya mara alizosema isihesabiwe kabisa. Huwezi kuwaona wote kwa siku moja, kwa hiyo chukua orodha ya mahudhurio, chagua tisa kila kipindi cha mjadala bila kuwaambia, na baada ya vipindi vinane umewapitia wote 72.

Orodha hiyo itakuachia majina matatu au manne ambayo bado hayana kitu. Usiwasimamishe mbele za watu. Waite mmojammoja wakati wa mapumziko, mbele ya ofisi, mahali ambapo wengine wanawaona ila hawawasikii, na uliza swali moja: "Nini kinakuwia vigumu?" Majibu hutofautiana sana. Mmoja hasikii vizuri, inabidi ahamie mbele upande wa sikio zima. Mwingine anatembea kilomita nyingi kuja shule na vipindi vya mchana humkuta amechoka. Mjadala ukihamia asubuhi unamsikia. Mwenye kigugumizi anahitaji makubaliano: mwambie swali siku moja kabla, mpange asome wa pili au wa tatu asingoje kwa hofu hadi mwisho, na wafundishe wenzake wasimmalizie maneno, wamtazame usoni kama wanavyomtazama mwingine yeyote mpaka amalize mwenyewe. Wewe pia usimmalizie.